Watu Mia na Arobaini Kwa Fundi

Mama Mapacha alipomaliza kujaza dodoso la thelathini na moja, alianza kujiuliza ni nani aliyerukwa na akili, yeye au mtaa mzima.

Kazi yake ilikuwa ushauri wa maafa. Mahali pakipigwa na mafuriko, moto au maporomoko ya udongo, kampuni yake humtuma akakae na watu, awaulize kilichotokea na kilichowaokoa, asaidie kupanga jinsi ya kusimama tena, kisha aandike mpango ili siku nyingine kila mtu ajue akimbilie wapi. Miaka kumi na miwili ameifanya kazi hiyo. Amesikia wanaotia chumvi, wanaolia na wanaomlaza kwa hadithi ndefu. Jambo kama hili hakuwahi kulikuta.

Mtaa wenyewe ulikuwa bondeni, umebanwa kati ya mto na reli. Miaka miwili nyuma, alfajiri moja, mto ulivunja kingo na maji yakakaa mtaani siku nzima na usiku wake. Nyumba kumi na tisa zilianguka. Lakini hakufa mtu hata mmoja. Ofisi ya mji ilitaka kujua watu walinusurikaje, ndiyo sababu akaletwa yeye na mkoba wake wa karatasi. Swali la tisa la dodoso liliuliza, "Maji yalipoingia, ulikimbilia wapi?"

"Kwa fundi cherehani," alijibu muuza mkaa.

"Kwa fundi," alijibu kinyozi, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa akikinyoa.

"Kwa fundi, wapi tena?" alisema mwalimu wa chekechea.

Nyumba thelathini na moja, jibu lilelile. Alijumlisha watu wa nyumba zote hizo, wakafika mia na arobaini na kitu. Jirani akamwonyesha nyumba ya fundi kwa mbali: vyumba viwili, paa la bati, na mlango ambao mtu mnene angeupita ubavu ubavu.

Siku hiyo dodoso la mwisho lilikuwa la bibi mmoja mwenye magoti mabovu, aliyeishi na mkwe wake. Bibi alikuwa mkarimu wa maneno.

"Nilikimbilia kwa fundi, mwanangu, Mungu ambariki. Tulilala vizuri sana, mahali palaini, nikasinzia kama mtoto. Ila zile ngazi! Haya magoti unayoyaona, zile ngazi ndizo zilizoyamaliza."

Mama Mapacha aliinua kalamu. "Ngazi zipi, bibi?"

Mkwe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alishikwa na kikohozi cha ghafla. "Bibi anachanganya. Anasema ngazi za hospitali."

"Hospitali gani? Mimi nilipanda hospitali lini?"

"Bibi, chai yako inapoa."

"Chai ipi? Hujanipa chai tangu asubuhi!"

Mkwe alicheka kicheko kikavu, akainuka kwenda kuchemsha chai. Mama Mapacha aliandika pembeni ya karatasi: *ngazi?* Kisha akaandika: *palaini?* Alitazama maneno hayo mawili mpaka macho yakamwuma.

Kesho yake alikwenda kwa fundi mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni, na hata pini hizo hazikumzuia kuongea.

"Karibu, mwanangu, karibu, ruka hivyo vitambaa. Wewe ndiye wa mafuriko? Nimekusubiri wiki nzima. Nikasema anapita kwa kila mtu, kwangu haji, kwani mimi nimefanya nini?"

"Nilikuacha wa mwisho kwa makusudi, mama. Watu wote wanasema siku ile walikuwa hapa kwako."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. "Hebu kaa. Kaa kwanza. Kwangu hakuja mtu."

"Hakuja mtu?"

"Nitajuaje, hata mimi mwenyewe sikuwepo! Binti yangu alijifungua, nikaenda kumwuguza, mji wa mbali, safari ya siku mbili. Mafuriko nimeyasikia redioni. Nimerudi baada ya mwezi na nusu. Nashuka na begi langu, mtu wa kwanza ananikumbatia: fundi, Mungu akulipe. Nikasema amina. Ungesema nini wewe? Wa pili naye, ahsante fundi. Wa tatu ananibebea begi. Nikajiambia, labda walivunja mlango wakaingia, basi si neno. Nafika, kufuli langu zima! Ndani matope mpaka darini, cherehani imekula kutu. Sasa waliingilia wapi? Dirishani? Mwanangu, nilidhani nimechizi."

"Hukumwuliza mtu?"

"Nilimwuliza mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia, fundi, wewe pokea shukrani, mengine achana nayo. Nimepokea. Miaka miwili napokea."

Mama Mapacha aliomba ruhusa kupima. Alama ya maji ilikuwa bado ukutani, mstari wa kahawia uliopita juu kabisa ya mlango. Aliyekuwa ndani ya nyumba hii alfajiri ile asingetoka mzima. Alishuka kwenye kigoda alichokuwa amepandia kupima. Alikuwa na madodoso thelathini na moja ya watu waliokaa salama ndani ya nyumba iliyojaa maji mpaka juu ya mlango, mwenye nyumba akiwa hayupo.

Mchana alimpigia simu mumewe, mwalimu wa hesabu.

"Watu mia na arobaini, vyumba viwili," alisema Baba Mapacha. "Walipangwa kwenye rafu, kama vitabu."

"Usinichekeshe, kichwa kinaniuma. Bosi anataka ripoti Ijumaa. Ananiambia niandike walivyosema watu, basi."

"Na wewe unaonaje?"

"Sioni kitu. Nimechanganyikiwa, Baba Mapacha. Wananikaribisha, wananichekea usoni vizuri, na wote wananidanganya."

Mumewe alihamishia simu sikio jingine. Kwa nyuma mapacha walisikika wakigombania kiti. "Mtu mmoja akikudanganya, ana lake. Mtaa mzima ukikudanganya neno kwa neno, ujue walikaa kikao. Tafuta kikao kilikuwa cha nini."

Alikata simu bila kujua aanzie wapi, akafanya kile ambacho mikono yake ilikizoea. Alichukua chombo cha kupimia mwinuko, akatembea mtaa mzima kutafuta mahali ambapo maji yasingefika. Njiani mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsimamisha. Alikuwa mpangaji mpya, ana miezi minne tu hapo.

"Dada, samahani, nilitaka kuuliza. Majirani waliniambia maji yakija nikimbilie kwa fundi. Nimekwenda kuitazama ile nyumba, ipo chini kuliko kwangu. Nimeelewa vibaya?"

Mama Mapacha alibaki amemkodolea macho. "Nani alikuambia hivyo?"

"Wapangaji wenzangu. Nao waliambiwa walipohamia."

Alimwomba asubiri siku mbili, akaendelea kupima kwa haraka zaidi.

Jioni, kabla jua halijashuka, alipata alichokuwa akikitafuta. Kando ya reli palikuwa na ghala la magodoro, jengo la zege lenye ghorofa moja juu, uzio na geti la chuma. Maji yalikuwa yamechora mstari wao kwenye ukuta wa chini, na ghorofa ilibaki juu yake kwa zaidi ya kimo cha mtu. Kwa upande, nje ya ukuta, kulikuwa na ngazi za chuma zinazopanda mpaka mlango wa ghorofani. Ngazi, na mahali palaini pa kulala. Alivihesabu vidato vyake, akamkumbuka bibi na magoti yake.

Mlinzi wa ghala alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sare fupi mikononi. Mtaa ulimwita Komeo, kwa sababu geti lake halikufunguka kwa mtu asiye na karatasi.

"Hairuhusiwi kuingia," alisema.

"Napima nje tu, kaka."

"Nje sawa. Ila usiegemee ukuta, ni mali ya kampuni."

"Siku ya mafuriko ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa zamu."

"Uliona nini?"

"Maji."

"Na watu?"

Komeo alitazama reli, akasema kama mwanafunzi anayesoma ubaoni, "Watu walikuwa kwa fundi."

Kutoka getini hapo nyumba ya fundi haikuonekana. Ilifichwa na kona na safu nzima ya mabanda. Mama Mapacha alitaka kumwambia hivyo, lakini uso wa yule mtu ulikuwa umekaza kama anayesubiri kuchomwa sindano. Akamuaga, akaondoka.

Habari zilimtangulia. Kesho yake asubuhi, alipofungua mlango wa chumba chake kwenye nyumba ya wageni, alimkuta mwenyekiti wa mtaa barazani, na muuza mkaa, na yule bibi wa magoti ameletwa na mkwe wake. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, kofia mkononi.

"Mama Mapacha, tumekuja kukuomba. Tunajua umeshajua."

"Sijajua kitu, mzee. Nakisia tu. Niambieni."

Wakamwambia. Alfajiri ile maji yalikuja kwa kasi, barabara ya kutokea ikakatika, watu wakakimbilia reli wakiwa na watoto begani. Komeo alifungua geti. Aliwapandisha wote ghorofani, akashuka mara mbili ndani ya maji kumfuata bibi huyu na mgonjwa mmoja. Walikaa kule siku nzima na usiku, juu ya magodoro ya kampuni. Walipotoka waliyarudisha magodoro mahali pake, na Komeo akafuta sakafu.

"Sasa amri ya ghala lile," alisema mwenyekiti, "geti halifunguliwi kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Mlinzi aliyekuwepo kabla yake alimruhusu mtu ajikinge mvua barazani. Mvua tu! Kesho yake unga ulimwagika, hakuwa na kazi. Komeo ana wazazi wawili wagonjwa na watoto watano. Tukakubaliana, akiuliza mtu, tulikuwa kwa fundi."

"Kwa nini kwa fundi?"

"Hakuwepo kutukanusha," alisema muuza mkaa.

"Na aliporudi, mbona hamkumwambia?"

Wakatazamana. Bibi ndiye aliyejibu. "Fundi tunampenda, mwanangu. Lakini mdomo wake ni redio, tena haina pa kuzimia."

"Ukiandika, umemla mtu," alisema mwenyekiti. "Wewe utaondoka. Sisi tutabaki tunamtazama."

Mama Mapacha alishika tama. Alihisi kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu bila kuambiwa ampeleke wapi. Kisha akawaeleza habari ya mpangaji mpya. Aliwaambia kwamba uongo wao umeanza kutembea wenyewe, kwamba kuna watu wanaouamini, na kwamba maji yakirudi kuna mama atakimbilia na mtoto wake ndani ya nyumba iliyo chini kuliko yake.

Kofia ilimdondoka mwenyekiti, hakuiokota. "Hilo hatukuliwaza," alisema. "Wallahi, hatukuliwaza. Sasa tufanyeje?"

"Sijui, mzee," alisema Mama Mapacha, na alikuwa anasema kweli.

Alichokifanya kilikuwa njia ya katikati, na hakuipenda. Aliandika vipimo tu. Kwamba kwenye bonde lote jengo linalofaa kuwa kimbilio ni moja, kwamba ghorofa yake iko juu ya maji, na kwamba kampuni iombwe ruhusa. Habari za nani alifungua nini, hakuandika. Akaitisha mkutano Alhamisi mchana, kwenye darasa la shule ya mtaa, akamwalika meneja wa ghala.

Meneja alikuja, mtu mfupi, nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Komeo alikuja naye, akasimama mlangoni. Watu walijaa mpaka madirishani, na fundi alikaa mstari wa mbele kabisa, karibu na mpangaji mpya. Mama Mapacha alieleza ramani yake ya vipimo. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini ghorofa ile ilijengwa kubeba magodoro, na godoro ni jepesi. Wewe umepima ukuta. Sakafu inabeba watu mia na arobaini? Nani anajua?"

"Itabidi ikaguliwe na mhandisi."

"Basi ikaguliwe. Mpaka hapo, mimi siwezi kumpelekea mwenye kampuni kitu ambacho hakuna anayekijua."

Darasa zima lilikuwa linakijua. Mama Mapacha alitazama safu za nyuso, kila mmoja ameangalia miguu yake. Hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakinyamaza kwa nguvu hivyo. Zilibaki wiki saba mvua za mwaka zianze.

"Inabeba," ilisema sauti mlangoni.

Watu waligeuka. Komeo alikuwa amevua kofia.

"Mia na arobaini na tatu. Niliwahesabu mara tatu. Na mbuzi wanne. Hakuna aliyevunja kufuli, meneja. Nilifungua mimi, kwa mkono huu."

Darasa likalipuka. "Komeo, kaa chini!" alifoka bibi. Mwenyekiti alikwishasimama akipunga mikono. "Anatania, meneja! Ana homa huyu, tangu jana ana homa!" Muuza mkaa akaanza kusema kwamba yeye alikuwa kwa fundi na yuko tayari kuapa. Ndipo fundi naye akainuka, tepu inaning'inia, akawageukia wote.

"Kumbe! Kumbe hamkuwa kwangu! Miaka miwili mnanishukuru mchana kweupe, nikadhani nina wazimu, kumbe ni nyinyi!"

Ilichukua muda kelele kutulia. Meneja alikuwa akizungusha kalamu vidoleni.

"Najua," alisema hatimaye.

"Unajua nini?" aliuliza Mama Mapacha, maana sasa hakuwa akielewa tena chochote.

"Siku ya tatu nilifika ghalani kabla ya mwenye kampuni. Nikapanda juu. Kando ya dirisha nilikuta nyayo za matope, nyingi. Nyingine ndogo, hivi." Alionyesha nusu ya kiganja chake. "Mwenye kampuni alikuwa anafika saa nane. Nikachukua ndoo na tambara, nikazifuta."

Komeo alikunja uso. "Nilizifuta zote mimi."

"Za dirishani hukuzifuta."

"Kulikuwa na giza kule."

"Ndiyo. Nikazimalizia."

Walitazamana, mlinzi na meneja wake, watu wanaosalimiana getini kila asubuhi kwa miaka miwili.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Komeo, sauti chini.

"Ningekuuliza, ungenijibu. Ungenijibu, ningelazimika kuandika. Sikujua niandike nini. Nikaona bora kila siku nikusalimie tu." Akasimama, akaweka kalamu mfukoni. "Sasa nitaandika. Nitaandika na nyayo na ndoo. Akitaka kutufukuza, atufukuze wawili."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakujua kama hilo lilikuwa jambo la kushangilia. Mpangaji mpya alimwinamia fundi akamwuliza taratibu, "Kwa hiyo nikimbilie wapi?" Na fundi, machozi ya hasira yakimtoka, akamwonyesha kwa kidole dirishani, upande wa reli.

Ijumaa Mama Mapacha alimpelekea bosi ripoti yake na akakaripiwa kwa kuandika zaidi ya walivyosema watu. Mhandisi alikuja, akagonga sakafu, akasema inabeba mara mbili ya hao. Majibu ya mwenye kampuni yalichukua wiki tatu, wiki ambazo mwenyekiti alipungua mwili. Meneja aliambiwa arudie mafunzo ya usimamizi. Komeo alipata bahasha moja yenye barua mbili, akamletea Mama Mapacha amsaidie kuzielewa.

Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo kali kwa kuvunja amri ya geti. Ya pili ilimteua kuwa msimamizi wa kimbilio la dharura na kumkabidhi funguo.

"Zote zimeandikwa siku moja," alisema Komeo. "Mama, hapa nimegombezwa au nimepandishwa cheo?"

Alizisoma tena, mbele na nyuma. "Kaka, sikufichi, sielewi. Ila kazi unayo."

"Kazi ninayo," alisema Komeo, akazikunja pamoja na kuziweka kifuani.

Walifanya mazoezi ya kuhama Jumamosi iliyofuata. King'ora kilikwama mara ya kwanza, mbuzi walikataa ngazi, na bibi alibebwa mgongoni huku akitoa maelekezo. Wapangaji wapya walipanda wa kwanza. Mama Mapacha alikaa juu na saa yake, akaona watu wanakaa chini kila mmoja mahali pake pa zamani bila kuulizana, na wapya wakisogezewa nafasi.

Fundi hakuja. Tangu mkutano alikuwa hajibu salamu ya mwenyekiti, ingawa kisa chote alikuwa amekisimulia mpaka ng'ambo ya reli. Mama Mapacha alimpitia jioni kumuaga, akamkuta ameketi mbele ya cherehani bila kushona.

"Bado umekasirika, mama?"

"Nilikasirika. Hasira zimeniisha." Fundi alilainisha kipande cha kitambaa kwenye paja lake. "Tatizo lingine. Unajua, nilizoea."

"Ulizoea nini?"

"Kushukuriwa. Mtu anapita, ahsante fundi. Nilijua sijafanya kitu, lakini siku inaanza vizuri. Sasa wanapita kimya, wananionea aibu. Nawakosa. Si mambo ya kipumbavu hayo?"

Katika mafunzo yote na madodoso yote ya Mama Mapacha hapakuwa na swali la namna hiyo. Akavuta kigoda, akakaa, na fundi akaanza kumweleza habari za mjukuu wake, aliyezaliwa wiki ya mafuriko na sasa anatembea, anavunja vikombe.